Kikohozi ya Maître na Bisu Yangu ya Mapasa

Juma moja sasa tangu nilimeza kidonge ya mwisho. Mama Régine, infirmière, muuguzi mwenye alinifuata miezi sita yote, alinambia: "Béa, we ulisoma, uko na diplôme. Andika, ju bengine benye banakohola bakuye mapema. Lakini andika na moyo muzuri."

Nitaandika. Moyo muzuri, hapo siahidi kitu. Bantu bengine banapona na maombi. Mi nilipona na kasirani. Kama na we uko umeikala ku banc, benchi ya centre ya afya, na kikopo ya kutemea mate mu mukono, unaficha uso ju jirani asikuone, pengine kasirani yangu itakusaidia kuliko shauri ya muntu mwenye hajapata kulala ku upande moja ju upande ingine inauma.

Niko mutoto ya Kapata, hapa Kolwezi. Tata, baba yangu, alitumika mu mine, mugodi, paka akapata retraite, na tungali tunaishi mu moja ya zile nyumba za camp ya batumikaji, mustari mustari. Nyuma ya mustari yetu kuko salle, ukumbi ya zamani. Mule njo Maître Ilunga alikuwa anafundisha kung fu. Niliingia niko na miaka kumi na tano, na ile siku ya kwanza niliona bisu ya mapasa, nikajua sitaki kitu ingine.

Mapasa ni mapacha: bisu mbili, bifupi, bipana, byenye binalala mu mufuko moja ya ngozi. Ukiangaria unafikiri ni kisu moja. Unavuta, unaona mbili, moja kila mukono. Maître alibitengenezesha kwa fundi wa chuma na ressort ya camion, ile chuma ya springi chini ya lori. Kazi yote iko mu mukono ya kushoto. Ya kuume iko na akili tangu kuzaliwa. Ya kushoto haisikie, haiogope, inafanya tu yenye inataka. Ju niifundishe, nilikula bukari, ugali yetu, na mukono ya kushoto mwaka muzima. Mama alinipiga mwiko ku vidole.

"We ni mutoto wangu ao wa nani? Kula kama muntu!"

"Mama, ni mazoezi."

"Mazoezi ya kutukana bageni!"

Maître alikuwa na sheria moja. Siku ya bisu, madirisha yote ilifungwa. Si kufunga tu: alipigilia mbao na misumari. Zamani club ingine ya ville, katikati ya muji, ilituma muntu kuchungulia, na kisha balionyesha mchezo yetu mbele ya bantu kama ni yao. Tangu pale, siku ya bisu ni mbao, mulango na kufuli, na taa moja. Tulikuwa bantu kumi na mbili mule ndani, tunapumua kama ng'ombe mu wagon. Maître naye katikati, anakohola. Alikohola kiangazi mbili.

"Ni mavumbi ya macamions," alisema.

Na sisi tulikubali. Hapa Kolwezi nani hakohole mavumbi?

Sasa sikia ujinga yangu, ju njo ujinga yenye ilinikulia miezi mitatu. Nilianza kukohola mu mwezi ya saba. Nilianza kukonda. Mukaba ya kung fu yenye ilikuwa inanizunguka mara mbili, ikaanza kuzunguka mara tatu. Muntu ingine angeogopa. Mi nilifurahi! Maître alikuwa anatuambia kila siku: muntu wa bisu anapashwa kuwa mwepesi. Siku moja alinisimamisha mbele ya bote.

"Angalieni Béa. Ameacha uzito yote nyumbani. Nadège, na we unakulaka nini, saruji?"

Bote bakacheka. Nadège njo rafiki yangu na tena njo mushindani yangu. Alinisonya, akanong'ona: "Mapaja ya kuku, we."

Mi nilienda nyumbani na kiburi mu tumbo tupu. Asubui shuka ilikuwa mayi ya jasho, nikasema ni mafuta yenye inatoka. Hivi: kama unakonda na haukutafuta kukonda, enda centre. Usingoje muntu akusifu.

Nilikuwa karibu. Kila mwaka kuko siku yenye bazazi ba banafunzi banakuya kuangaria, na siku ile Maître anapatia munafunzi moja bisu ya mapasa, na mikono yake mwenyewe, ibaki ya ule munafunzi paka kufa. Mwaka huu ilikuwa yangu. Maître alisema mbele ya bote. Nilingoja miaka mitano.

Mu mwezi ya kumi, mvua ya kwanza imeanguka, tulikuwa tunazungusha bisu, nikakohola mu mukono ya kushoto. Nikaendelea. Nadège akapiga kelele. Mushikilio ya kisu ilikuwa nyekundu.

Tata njo alinipeleka centre. Tuliikala ku banc tangu saa mbili ya asubui. Kama haujaikala ku ile banc, nikufundishe. Bantu hawasalimiane bizuri. Kila moja anaangaria miguu yake. Mama moja alikuwa na mutoto mu mugongo, kila wakati mutoto anakohola alisema kwa sauti, bote basikie: "Huyu ni homa tu." Balinipa kikopo, balinituma nyuma ya nyumba, ku hewa, niteme. Tata alisimama karibu, ananigeuzia mugongo, anaimba kidogo kidogo ju asisikie namna natapika mate. Ile wimbo yake mubaya njo kitu muzuri ya kwanza mu hii habari yote.

Kesho yake Mama Régine alinambia: tuberculose. Kifua kikuu. Miezi sita ya dawa, kila siku. Akaniuliza majina ya bantu benye ninapumua nabo mu nyumba moja. Nikataja ba kwetu, nikataja club, bote kumi na mbili, Maître wa kwanza.

Kwetu ikakuwa vita. Yaya yangu Clarisse, dada mukubwa, alikuwa anaishi na sisi na mutoto wake wa miezi ine. Alifunga bintu mu saa moja.

"Yaya, nitabaki mu chumba yangu."

"Béa, sikuchukii. Lakini mutoto ni wangu."

Alienda kwa bakwe wake. Mama akalia, akamutukana, kisha akanitukana mi, kisha akatenga sahani yangu, kikombe yangu, kijiko yangu. Mama Régine alimuambia sahani haina shida, ni hewa, fungula madirisha tu. Mama alifungula madirisha, lakini sahani akaitenga vile vile. Ilikuwa ya bluu. Ninachukia rangi ya bluu paka leo.

Nilingoja ba club bakuye kunisalimia. Nadège njo alikuya, juma ya pili, akabaki inje ya dirisha.

"Maître alisema nini?" nikamuuliza.

"Béa..."

"Sema."

"Alisema usikanyage tena mule. Alisema uliokota ule ugonjwa kwa bacreuseurs, kule ku mashimo ya bachimbaji unasaidiaka mama yako kuuzisha chakula. Alisema bantu ba centre bakikuya, tuseme hatuko ba club, ju batatufunga. Na bisu..." Akaangaria chini. "Alisema mwaka huu ni yangu."

"Na we ulisema nini?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema hapana!"

"We ungesema hapana, Béa? Na mukono juu ya moyo?"

Nilifunga dirisha mu uso yake. Kisha nikaifungula tena ju nilipashwa kupumua.

Tangu ile siku nilipata dawa ya pili, yenye haiko mu carton ya dawa ya centre. Kila asubui bidonge ine binene, na kila moja nilimeza na jina ya Maître. Hii ju ya bacreuseurs. Hii ju ya mulango. Hii ju ya bisu. Ya ine nilimeza bure, ju ni muntu mubaya. Kama dawa inakutapisha, tafuta muntu wa kuchukia, utaona inashuka.

Dawa ilinigeuza. Mukojo ikakuwa rangi ya fanta. Jasho nayo ikapaka chemise yangu nyeupe ku shingo, mama alipiga na sabuni paka akachoka. Vidole ya miguu ikaanza kulala na ganzi, kisha ya mikono, kama nimevaa gants. Nikafika kwa Mama Régine nalia: si ju ya kufa, ju ya mukono ya kushoto! Miaka mitano naifundisha, na sasa haisikie hata chumvi. Alicheka, akanipa vitamine. "Hii bantu banaficha, banaacha dawa ju ya hii. Na we ulikuya kusema. Muzuri." Basi na we sema. Usinyamaze na usiache.

Ju nisisahau mchezo, nilichukua miiko mbili ya bukari. Ku kitanda, nimeikala, nazungusha. Tata aliona. Kesho yake nikakuta amekata mishikilio, amepima na mukono yangu, urefu sawasawa na bisu. Mama akatafuta miiko yake nyumba yote.

"Nani amekata mwiko?"

"Panya," tata alisema.

"Panya yenye iko na msumeno?"

Hiyo juma nilicheka mara ya kwanza, na kucheka haikunikoholesha.

Mwisho ya mwezi ya pili ya dawa ni siku ya kutema mate tena, baone kama ugonjwa inakufa. Ilikuwa mwezi ya kumi na mbili, mvua kila siku, banc imejaa bantu benye balilowana. Matokeo yangu: safi. Nilikuwa natoka na furaha, nikaona ku dirisha ya dawa muntu na kofia imeshuka paka ku macho. Alikohola. Ile kikohozi ningeitambua mu soko ya bantu elfu.

Carte yake ya mugonjwa ilikuwa wazi pale, karibu na mukono yangu. Carte ya zamani, imechafuka, imekunjwa. Nilisoma, sikuona haya. Alikuwa ameanza dawa kabla yangu. Kiangazi ya mwaka yenye ilipita! Alikunywa mwezi moja, akaacha. Anajua. Alijua siku zote, mule ndani, na mbao ku madirisha.

Alinifuata inje, mu mvua.

"Béa. Mutoto wangu. Usiseme."

"Mavumbi ya macamions, Maître?"

"Bazazi bakijua, club imekufa. Sina kazi ingine. Sina kitu ingine."

"Ulisema niliokota kwa bacreuseurs."

"Niliogopa." Aliangaria viatu yake. "Nitarudisha bisu. Siku ya bazazi, mbele ya bote, nitasema ni yako. Ju ya hivi nyamaza tu."

Siku ya bazazi ilikuwa majuma matatu mbele. Na hapa niseme bizuri, ju ni hapa nilikosea. Ningeweza kurudia hatua kumi nyuma na kumuambia Mama Régine: ule anafundisha bantu mu salle imefungwa. Alikuwa pale pale, nasikia sauti yake. Lakini nilikuwa nimeona picha mu kichwa: salle imejaa, mi katikati, yeye anaanguka mbele ya bote. Nilitaka ile picha kuliko kitu yote. Nikamuambia: "Sawa, Maître. Nitanyamaza."

Ile siku salle ilijaa bamama benye balivaa bapagne, bitenge ya sikukuu. Wakati ya bisu ilifika, Maître akafunga mulango. Akaniita. Nadège alikuwa katika mustari, uso imekauka. Maître akanipa mufuko ya ngozi na mikono mbili.

"Béa alikuwa mugonjwa," akasema. "Sisi hatukumuacha. Hii club ni jamaa."

Nilivuta bisu. Nilicheza mchezo yote, tangu mwanzo paka mwisho, mukono ya kushoto nusu imelala, sikuangusha hata mara moja. Bakapiga makofi. Na ule mwenye alisema jamaa akapiga makofi kuliko bote.

Sikuinamisha kichwa vile tunainamishaka. Nikasema: "Maître, onyesha bazazi carte yako ya centre."

"Béa..."

"Baambie mavumbi yako inatibiwaka na bidonge ngapi!"

Nikaenda ku dirisha, nikaingiza kisu chini ya mbao, nikavuta. Msumari ikalia. Chuma ya ressort haivunjike, mi nakuambia. Mbao ya kwanza ikaanguka, ya pili, jua ikaingia, tukaona mavumbi namna inasimama mu hewa yenye tulikuwa tunavuta. Mama moja akakamata mutoto wake ku shingo kama kifaranga. Ingine akapiga kelele: "Mwizi! Mwizi wa mapafu ya batoto!" Maître alitaka kusema, kikohozi ikamukamata, akaikala chini, na kila kikohozi ilisema yote pa nafasi yangu.

Nitakudanganya nikisema nilimuhurumia. Nilisikia utamu. Nilirudia nyumbani na bisu yangu, nikakula sahani mbili.

Ile utamu ilidumu siku sita. Bote ba club balienda centre kupimwa. Siku ya sita Nadège alikuya, na mara hii hakubaki inje ya dirisha. Aliingia paka mu chumba. Alikuwa na carton mu mukono, ile carton ya dawa yenye naijua.

"Angalia," akasema. "Ya mapasa. Yako na yangu."

"Nadège..."

"Ulimuona ku centre lini?"

Niliangaria carton yake.

"Ku banc ya centre banasema Maître aliandikwa tena mu mwezi ya kumi na mbili. Na we ulikuwa pale. Majuma matatu, Béa. Ulijua majuma matatu, na mi nilikuwa mule ndani kila siku ya pili, mbao ku dirisha. Ulingoja bantu bakuye kukupigia makofi."

"Pengine uliipata kabla ya pale."

"Pengine. Na yule mudogo wa club, mutoto wa Mama Chantal wa miaka kumi, naye aliipata pengine?"

Nilichukua mufuko ya bisu, nikamupatia. Aliangaria mufuko, kisha akaniangaria mi, kama nimemupatia kitu imeoza.

"Bakia nayo. Miaka yote unaitafuta."

Juma ingine, Mama Régine hakunisalimia. Alifungula kitabu yake, akaweka kidole ku mustari moja.

"Ule Maître wako hajarudia kukamata dawa. Tangu siku yako ya kelele. Nilikuambia siri ya mugonjwa ni ya mugonjwa. Ungeniletea mi, ningemufungia club bila kumuvua nguo mbele ya bantu. Sasa ameacha mara ya pili, na anakohola sijue wapi, mu nyumba ya sijue nani."

"Alistahili."

"Sikuuliza kama alistahili. Nilikuuliza eko wapi."

Kwa kweli hakuwa ameniuliza bado. Lakini nilielewa.

Nilimutafuta siku tatu. Alikuwa kwa dada yake, upande ingine ya Kapata, mu chumba ya nyuma, dirisha imefungwa, na mapazia. Na ile yote yenye ilimufikia, hakujifunza kitu. Alikuwa amekonda kuliko mi siku ile ya damu. Aliponiona alijificha na shuka.

"Ulikuya kucheka?"

"Nilikuya na dawa," nikasema. Mama Régine aliandika karatasi, alikubali niwe muntu wa kumuangalia akimeza kila siku. Mi njo niliomba. Nilivuta pazia, nikafungula dirisha yote, nikaikala ku kiti mbele yake, nikahesabia bidonge mu mukono yake.

"Sitaki yako," akasema.

"Haiko zawadi."

"Béa, nilikufundisha kila kitu unajua."

"Ndio. Na kukohola pia. Meza."

Hiyo ilikuwa mwezi ya pili ya mwaka. Sasa mvua inaisha, mi niko safi, mukono yangu ya kushoto inasikia chumvi tena. Nadège anakunywa dawa yake, hajanisemesha, na mi sijamuomba, ju sijue bado nitaanza na neno gani. Lakini kila asubui saa kumi na mbili na nusu niko mu ile chumba ya nyuma. Siku moja nilichelewa, dada yake alinambia alikuwa ameikala ku kitanda tangu alfajiri, anaangaria mulango. Jana aliniuliza, mukono imejaa bidonge:

"Paka leo haujanisamehe?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini unakuya?"

"Ju ukikufa nitamuchukia nani? Meza. Sasa inua ulimi. Fungula kinywa, Maître. Zaidi."

Akafungula, kama mutoto. Niliangaria chini ya ulimi, upande ya kuume, upande ya kushoto. Hakukuwa kitu. Inabakia miezi ine.